Kupima dawa kwa farasi wa mashindano: mwongozo kamili kuanzia bandani hadi ripoti ya maabara

Kesi ya dawa ya farasi mara nyingi huharibikia bandani, kabla chupa haijafika maabara. Mashine nzuri inaweza kuona nanogramu moja ndani ya mililita ya mkojo, lakini haiwezi kujua kwamba glavu za aliyekinga mkojo ule zilikuwa zimeshika dawa ya kuchua dakika tano nyuma. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwa farasi mwenyewe, na utakaa hapo kwa muda kabla ya kugusa mashine.

Tumeuandika kwa madaktari wa mifugo, mafundi wa maabara na wanafunzi wa kemia wa Unguja na Pemba. Farasi kwetu si wengi: wako wanaopandisha wageni ufukweni, na tuna punda wa gari na wa resi za siku za tamasha. Mbio rasmi za farasi zinaendeshwa Ngong, Nairobi. Lakini namna ya kukinga, kulinda na kupima sampuli ni ile ile popote, na anayejifunza kwa mkojo wa farasi hatapata tabu akija kutafuta mabaki ya dawa kwenye maziwa au nyama ya ng'ombe.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Kipimo cha kumwadhibu mtu kifanywe na maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara) kwa kazi hiyo hasa, kama ile ya Hong Kong Jockey Club, LCH ya Ufaransa au LGC ya Uingereza. Maabara ndogo ya visiwani inaweza kufanya vizuri kabisa kazi ya kukinga sampuli, kuihifadhi, kuikagua, kuipima kwa ELISA (kipimo cha awali cha kingamwili na rangi), na ikiwa na LC-MS/MS (mashine inayotenganisha vitu kwenye safu kisha kupima uzito wa molekuli na vipande vyake), kuichuja kwa kina. Kipimo cha awali kinaonesha shaka tu. Hakimtii mtu hatiani.

Unatafuta nini

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mamlaka za Mbio za Farasi, IFHA, hazitoi orodha fupi ya dawa. Zinakataza kitu chochote chenye uwezo wa kuathiri mifumo ya mwili wa farasi: neva, moyo na damu, pumzi, misuli na mifupa, homoni na kadhalika. Kwa vitu vingi, kuonekana tu kunatosha. Kwa vitu vichache ambavyo mwili wenyewe huvitengeneza, au vinavyoingia kwa njia ya chakula, kumewekwa kikomo. Hivi ndivyo utakavyokutana navyo zaidi:

- Asidi ya salisiliki: mikrogramu 750 kwa mililita ya mkojo, au 6.5 kwa mililita ya plazma.
- Theobromini: mikrogramu 2 kwa mililita ya mkojo.
- Haidrokotisoni: mikrogramu 1 kwa mililita ya mkojo.
- Aseniki: mikrogramu 0.3 kwa mililita ya mkojo.
- Kobalti: nanogramu 100 kwa mililita ya mkojo, au 25 kwa mililita ya plazma.
- Testosteroni kwenye mkojo: nanogramu 20 kwa mililita kwa farasi aliyehasiwa, 55 kwa farasi jike.
- Jumla ya kaboni dayoksaidi kwenye plazma: milimoli 36 kwa lita.

Usichanganye mikrogramu na nanogramu. Anayeandika ripoti usiku akiwa amechoka huweza kuzidisha matokeo mara 1000 bila kujua, na kosa hilo hupita kwa sababu tarakimu zenyewe zinaonekana za kawaida. Andika kipimo kwa maneno kamili.

Kukinga mkojo

Tayarisha kila kitu kabla farasi hajarudi: chupa mpya zenye lakiri, kikombe safi chenye mpini mrefu, jozi mbili za glavu zisizo na unga, maji safi ya maabara, fomu na kalamu ya wino usiofutika. Banda liwe na majani makavu mapya na mwanga hafifu. Wacha farasi anywe maji na atembezwe kidogo, kisha aingizwe ndani atulie. Saisi wake akipiga mbinja polepole, farasi wengi hukojoa mapema kuliko unavyotarajia. Mpe saa moja. Asipokojoa, chukua damu na uandike sababu. Kamwe usimchome furosemidi, dawa ya kukojosha, ili akojoe, maana mkojo utakuwa mwepesi kama maji na ulichokuwa ukikitafuta kitazama chini ya uwezo wa kipimo.

Kabla ya kukinga, fanya jambo ambalo wengi huliruka: vaa glavu mpya, mimina maji ya maabara juu ya glavu hizo na ndani ya kikombe kile kile utakachotumia, kisha yaingize kwenye chupa yake na uipige lakiri. Hiyo ni chupa ya udhibiti. Siku wakili atakaposema dawa ilitoka kwenye vifaa vyenu, chupa hiyo ndiyo itakayojibu.

Wacha mkojo wa mwanzo umwagike, kinga wa katikati. Ulioanguka chini haufai hata kama ni mwingi. Lenga mililita 100 au zaidi. Gawa mbele ya mwakilishi wa mwenye farasi: theluthi mbili chupa A ya kupimwa, theluthi moja chupa B ya kurudia kipimo mwenye farasi akidai. Lakiri zipigwe akiona, asome namba mwenyewe, asaini. Nakala ya fomu inayokwenda maabara iwe na namba ya sampuli, jinsia ya farasi na kama amehasiwa, saa ya kukinga, na dawa alizotangaza daktari wake. Jina la farasi na la mwenyewe lisifike maabara. Namba ya chipu iliyo shingoni ibaki kwenye nakala ya ofisi.

Damu

Damu hutolewa kwenye mshipa wa shingo, baada ya kusafisha ngozi, kwa sindano na mirija ya utupu. Jaza mirija ya lithiamu heparini ya mililita 10, na angalau mmoja wenye sodiamu floraidi. Huo wa floraidi una kazi maalumu: prokaini na kokaini huvunjwa na vimeng'enya vya damu hata ndani ya mrija, na floraidi huvizuia. Pindua kila mrija taratibu mara nane. Usiutikise, seli zitapasuka na plazma itakuwa nyekundu.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 2000 g, dakika 10. Sentrifuji nyingi ndogo huonesha mizunguko kwa dakika tu, kwa hiyo piga hesabu: zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo cha kichwa cha mashine kwa sentimita, kisha kwa mizunguko iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Kichwa chenye nusu kipenyo cha sentimita 15 kinahitaji mizunguko kama 3450. Vuta plazma bila kugusa safu nyeupe ya katikati, igawe A na B, igandishe.

Mrija wa kupimia kaboni dayoksaidi uko peke yake. Kipimo hiki hutafuta farasi aliyenyweshwa sodiamu baikaboneti kwa mpira wa puani ili misuli ichelewe kuchoka. Mara nyingi damu yake huchukuliwa kabla ya mbio. Ikibidi baada ya mbio, subiri angalau saa moja, kwa sababu asidi inayotokana na kukimbia hushusha kiwango na kumficha aliyenyweshwa. Usifungue mrija, maana gesi itatoka. Usiugandishe. Uweke kwenye nyuzi 4 na upimwe mapema iwezekanavyo, usizidi siku tano.

Baridi, umeme na safari

Mkojo wa farasi unaoachwa kwenye joto letu la nyuzi 30 na kitu huanza kuharibiwa na bakteria siku hiyo hiyo. Weka chupa kwenye boksi la barafu mara tu lakiri ikishapigwa, na kati ya barafu na mirija ya damu weka taulo au gazeti, kwani damu ikigusa barafu moja kwa moja huganda upande na seli hupasuka. Ndani ya saa 24 mkojo uwe nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama utakaa zaidi ya miezi michache, nyuzi 80 chini ya sifuri ni bora.

Unguja inapata umeme wake kwa kebo inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, kuanzia Mei hadi Juni, na tena miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Anayepanga friza ya sampuli za kesi apange kwa hesabu ya siku kama zile: jenereta yenye mafuta, friza ya pili kwenye jengo jingine kwa ajili ya chupa B, na nafasi tupu za friza zijazwe chupa za maji yaliyoganda. Weka kifaa cha kurekodi joto. Pamoja nacho, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu na ukirudishe ndani ya friza. Ukiikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka na kuganda tena ukiwa haupo, hata kama joto la leo ni zuri.

Sampuli inayotoka Pemba kwa feri isafiri na mtu, si kama kifurushi kinachokabidhiwa baharia. Tumia vifungashio vitatu: chupa, kisha mfuko usiopitisha maji wenye pamba ya kunyonya, kisha boksi gumu. Kila mkono inapopita, kuwe na jina, saini, saa na hali ya lakiri. Ikienda kwa ndege na barafu kavu, uliza shirika la ndege mapema kuhusu kiasi kinachoruhusiwa, na boksi lisizibwe kabisa, maana gesi yake ikikosa pa kutokea hulipasua.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: kesi ikibishaniwa, watu wote hurudi kwenye karatasi hii ya makabidhiano.

Sampuli inapofika

Kagua lakiri kabla ya kitu kingine, piga picha, andika. Yeyusha chupa A kwenye friji usiku kucha, changanya polepole, kisha pima pH na uzito linganifu kwa refraktomita. Mkojo wa farasi kwa kawaida una pH ya 7 hadi 9 na uzito linganifu wa 1.020 hadi 1.050. Ni mzito, una ute na chembe za kalsiamu kaboneti zinazoufanya uwe na ukungu. Ukikutana na mkojo mweupe kama maji, wenye uzito wa 1.004, jiulize kama farasi alipewa dawa ya kukojosha au kama chupa ilitiwa maji.

Vipande vya kupimia mkojo wa binadamu vinavyouzwa maduka ya dawa usivitumie hapa. Vimetengenezwa kwa mkojo mwepesi wenye asidi, na kwenye ute na pH hii huweza kutoa mstari wa uongo upande wowote.

ELISA

ELISA inayotumika hapa ni ya ushindani: dawa iliyomo kwenye mkojo hugombea nafasi kwenye kingamwili na dawa iliyofungwa kimeng'enya. Dawa ikiwa nyingi, rangi hufifia. Mgeni wa kipimo hiki hukosea hapo, akidhani kisima (kitundu cha sahani ya kupimia) kilichokolea ndicho chenye dawa.

Zungusha mkojo kwenye sentrifuji kwanza, kisha uchanganye na bafa (kimiminika cha kutuliza pH) ya kiti, yaani seti ya kipimo iliyonunuliwa, kwa uwiano ulioandikwa. Weka mikrolita 20 za sampuli kwa kila kisima, visima viwili kwa kila sampuli, halafu mikrolita 100 za kimeng'enya. Acha dakika 45 gizani. Osha mara tatu kwa mikrolita 300 na ukung'ute sahani juu ya karatasi ya kunyonya. Ongeza mikrolita 150 za kitu cha rangi, subiri dakika 30, soma kwenye nanomita 650. Kiti chako kikiwa na namba tofauti, fuata za kiti.

Kinachoharibu hapa ni joto na mwendo wa mkono. Chumba kisicho na kiyoyozi huharakisha rangi, na visima vya pembeni hupata joto kabla ya vya katikati. Acha seti zote za kipimo zifike nyuzi 22 hadi 25 kabla ya kuanza, na usipime zaidi ya sahani moja kwa wakati hadi mkono uzoee. Gawanya usomaji wa sampuli kwa wa mkojo safi: mkojo safi ukisoma 1.60 na sampuli 0.72, una asilimia 45. Mpaka wa kushuku uwekwe na maabara yenyewe baada ya kupima mikojo isiyopungua 20 ya farasi wanaojulikana hawana dawa, kwani majani na pumba za kwetu si za Ulaya.

Kuchopoa dawa kutoka kwenye mkojo

Dawa nyingi hutoka kwenye ini zikiwa zimefungwa na glukuronidi au salfeti, na bila kuzifungua hutaziona vizuri. Chukua mililita 3 za mkojo, ongeza sanifu ya ndani yenye deuteriamu (dawa inayojulikana, nzito kidogo, ya kulinganishia) ili iwe nanogramu 10 kwa mililita, ongeza mililita 1 ya bafa ya fosfeti ya molari 1 yenye pH 6.8, kisha mikrolita 50 za beta-glukuronidasi ya E. coli. Weka nyuzi 50 kwa saa moja.

Kimeng'enya hiki hufungua glukuronidi tu. Farasi hufunga sehemu kubwa ya testosteroni yake kwa salfeti, na kikomo cha testosteroni kinahesabu ile huru pamoja na iliyofunguliwa. Maabara inayotegemea E. coli peke yake itapata namba ndogo na kumwachia mwenye hatia. Kwa steroidi, baada ya kuchopoa, ongeza hatua ya asidi ya haidrokloriki isiyo na maji ndani ya methanoli, nyuzi 60, dakika 15.

Sasa katriji, kibomba kidogo chenye unga unaoshika dawa. Tumia ile ya mchanganyiko wa C8, unaoshika vitu visivyo na chaji, na kibadilisha kationi, kinachoshika vyenye chaji chanya. Bafa yake: pima gramu 13.61 za KH2PO4, yeyusha kwenye mililita 900 za maji yaliyosafishwa, sogeza pH hadi 6.0 kwa potasiamu haidroksaidi, jaza hadi lita 1. Maji ya bomba na ya kisima yasikaribie kazi hii. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa nyingi, na kalsiamu huchafua bafa ya fosfeti kwa kutengeneza unga mweupe unaoziba katriji.

1. Sogeza pH ya mkojo hadi 6.0, zungusha kwa 3000 g dakika 10. Ukiruka hapa, ute utaziba kila kitu.
2. Pitisha mililita 2 za methanoli, kisha 2 za bafa. Katriji isikauke kati ya hizo mbili.
3. Pitisha mkojo polepole, mililita 1 hadi 2 kwa dakika.
4. Osha kwa mililita 2 za bafa, kisha mililita 1 ya asidi ya asetiki ya molari 0.1.
5. Kausha kwa utupu dakika 5 kamili.
6. Toa dawa zenye asidi na zisizo na chaji kwa mililita 3 za ethili asetati. Hapa hutoka fenilbutazoni, fluniksini, diklofenaki na steroidi.
7. Osha kwa mililita 2 za methanoli, kausha tena dakika 2.
8. Toa dawa zenye besi kwa mililita 3 za ethili asetati yenye asilimia 3 ya amonia, iliyochanganywa asubuhi hiyo hiyo.

Hatua ya 4 ndiyo roho ya kazi. Asidi ile hupokonya chaji dawa kama fenilbutazoni zikabaki zimeshikwa na C8, na wakati huo huo huzitia chaji dawa za besi zikang'ang'ania kationi. Ukitumia maji mahali pa asidi, makundi mawili yatachanganyika. Amonia ya hatua ya 8 nayo hupotea hewani. Iliyokaa tangu juzi kwenye joto la hapa haitoi dawa kwenye katriji, na mkojo wenye dawa utaonekana safi.

Kausha chini ya nitrojeni kwa nyuzi 40. Kwenye sehemu ya besi ongeza kwanza mikrolita 50 za asidi ya haidrokloriki ya asilimia 1 ndani ya methanoli, la sivyo amfetamini itaruka na hewa. Sehemu ya asidi usiiache ikiwa kavu kwa muda mrefu, fenilbutazoni huoksidika yenyewe. Yeyusha mabaki kwa mikrolita 100 za maji yenye asidi ya fomiki asilimia 0.1 na asetonitrili asilimia 10.

Plazma ni rahisi zaidi: mikrolita 200, ongeza mikrolita 600 za asetonitrili baridi yenye sanifu ya ndani, tikisa dakika moja, zungusha kwa 12,000 g dakika 10, chukua mikrolita 500 za juu, kausha, yeyusha.

Kwenye LC-MS/MS

Safu ya C18 ya milimita 100 kwa 2.1 inatosha. Mtiririko wa mililita 0.4 kwa dakika, maji na asetonitrili vyote vikiwa na asidi ya fomiki ya asilimia 0.1. Anza na asetonitrili asilimia 5, panda hadi 95 kwa dakika 8, kaa dakika 2, rudi, subiri dakika 3. Ingiza mikrolita 5.

Ioni za kuanzia nazo, uzito wa dawa nzima kwenda wa vipande vyake: fenilbutazoni 309 kwenda 160, fluniksini 297 kwenda 279 na 264, klenbuteroli 277 kwenda 203 na 259, deksamethasoni 393 kwenda 373 na 355, diklofenaki 296 kwenda 250 na 214, kafeini 195 kwenda 138, tramadoli 264 kwenda 58, kapsaisini 306 kwenda 137. Kila maabara izirekebishe kwa sanifu zake. Mwenye mashine ya uzito sahihi aangalie sehemu 5 kwa milioni: kwa fenilbutazoni ya 309.1598 huo ni mpaka wa 0.0015 tu.

Mkojo wa farasi umejaa asidi ya hipuriki, na vitu kama hivyo hugombea chaji na dawa inayotoka kwenye safu kwa wakati mmoja, ishara ikashuka. Ndiyo maana sanifu ya ndani huangaliwa kabla ya dawa yenyewe. Ikiwa ishara yake kwenye sampuli ni chini ya nusu ya ile ya mkojo safi, matokeo ya "hakuna kitu" hayana maana. Punguza mkojo, chopoa upya.

Kuhusu nitrojeni, mashine nyingi hula lita 10 hadi 30 kwa dakika. Mtungi wa lita 50 kwa shinikizo la ba 200 una kama lita 10,000, sawa na saa nane na kidogo kwa mwendo wa lita 20. Kwa kuwa mitungi hutoka Dar es Salaam kwa chombo, hesabu hiyo peke yake inatosha kukufanya ununue mashine ya kuzalisha nitrojeni kabla ya kununua spektromita, yaani mashine yenyewe ya MS.

Kobalti

Kobalti hupimwa kwa ICP-MS, mashine inayopima uzito wa atomi za metali, kwenye uzito wa 59. Kalsiamu ikiungana na oksijeni nayo hukaa kwenye 59, na mkojo wa farasi una kalsiamu tele. Tumia gesi ya heliamu kwenye chumba cha mgongano kuivunja nguvu ioni hiyo ya bandia. Tia asidi ya naitriki kwanza, taratibu, kwa sababu kaboneti itafoka povu, kisha punguza mara 20. Uliza pia kuhusu sindano za vitamini B12: kobalti imo ndani yake.

Kuthibitisha

Uthibitisho huanza na kipande kipya cha mkojo kutoka chupa A, kilichochopolewa upya. Mabaki ya uchujaji wa kwanza hayatumiki. Mpangilio kwenye mashine uwe: kimiminika kitupu, mkojo safi, kimiminika kitupu, sampuli, kimiminika kitupu, kisha mkojo safi uliotiwa sanifu kwa kiwango kinachokaribiana na cha sampuli. Sanifu ikitangulia sampuli, mtu yeyote anaweza kusema dawa ilibaki kwenye sindano ya mashine, na hutakuwa na jibu.

Linganisha muda wa kutoka na uwiano wa ioni. Maabara nyingi huruhusu tofauti ya muda ya asilimia 2 au dakika 0.1. Kwa klenbuteroli, ikiwa uwiano kwenye sanifu ni 0.42 na kwenye sampuli 0.45, tofauti ni asilimia 7. Mipaka inayokubalika iandikwe kabla ya kupima, isitafutwe baada ya kuona namba.

Deksamethasoni na betamethasoni zinastahili kusimamishwa peke yake. Zina atomu zile zile, uzito ule ule, na huvunjika kwa vipande vile vile, 373 baada ya kupoteza haidrojeni floraidi na 355 baada ya kupoteza maji. Tofauti yao ni kundi moja la methili kwenye kaboni ya 16, limeelekea juu kwa moja na chini kwa nyingine. Spektromita pekee haiwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Ni safu ndiyo inayozitenganisha, kwa sehemu ya dakika tu. Usiripoti mojawapo bila kuziingiza sanifu zote mbili siku hiyo na kuona vilele viwili vilivyoachana. Daktari aliyetangaza betamethasoni akaandikiwa deksamethasoni ameonewa.

Kwa vitu vyenye kikomo, pima angalau mara tatu kwa mstari wa ulinganifu wenye nukta tano au zaidi, na uhesabu mashaka ya kipimo. Kobalti ya nanogramu 104 kwa mililita ya mkojo, ikiwa mashaka yako ni 9, haijavuka 100 kwa uhakika.

Dawa zinazotoka jikoni na mfukoni

Visiwa hivi vimejaa vitu vinavyoweza kumwangusha farasi bila mtu kukusudia. Pilipili ina kapsaisini. Kwenye Olimpiki ya 2008, ambayo michezo yake ya farasi ilifanyika Hong Kong, farasi kadhaa walionekana nayo na Norway ikapoteza medali ya shaba ya timu. Mafuta ya karafuu yana eugenoli, nayo hutia ganzi, kwa hiyo kumchua farasi mguu kwa mafuta ya karafuu wiki ya mashindano ni kujitafutia balaa. Machicha ya kahawa yakichanganywa na pumba huleta kafeini, na maganda ya kakao theobromini. Mnanaha unaoota kando ya shamba una atropini na skopolamini, ukikatwa pamoja na majani hutahisi kitu hadi ripoti itoke.

Kisha kuna saisi mwenyewe. Aliyejipaka jeli ya diklofenaki goti lake, akamlisha farasi kwa mkono ule ule, ameshamtia dawa. Anayekojoa kwenye majani ya banda huku akitumia tramadoli amefanya vivyo hivyo, maana farasi hula majani hayo. Weka choo karibu, maji na sabuni mlangoni, na uandike kwenye fomu dawa wanazotumia wanaomgusa farasi.

Kwa punda, usikopi muda wa kusubiri wa farasi. Punda huondoa fenilbutazoni mwilini haraka zaidi, kwa hiyo punda aliyepewa siku chache zilizopita anaweza kuonekana safi pale farasi angeonekana na dawa. Kingamwili na mipaka ya ELISA nayo ijaribiwe upya kwa mkojo wa punda safi kabla ya kupimia resi yoyote.

Mwenye farasi akidai chupa B, ifunguliwe kwenye maabara nyingine yenye ithibati, yeye au mwakilishi wake akiwepo, lakiri ikikaguliwa na kupigwa picha kabla ya kukatwa. Maabara hiyo iambiwe dawa ya kutafuta tu, si kiwango kilichopatikana kwenye A. B isipothibitisha, kesi inafungwa, na karatasi zote mbili zinahifadhiwa pamoja.